Mbegu Hii au Mbegu Hizi

Tangazo lilirudi mezani kwa Candida likiwa limechafuliwa kwa wino wa rangi mbili. Mwekundu ulikuwa wa Mzee Mbaruku, mkuu wa kitengo cha matangazo. Wa kijani ulikuwa wa Ndugu Theophil, meneja. Candida alipoandika "mbegu hii", wino mwekundu ulikata ukaandika "mbegu hizi". Wa kijani ukakata mwekundu, ukarudisha "hii". Palipokuwa "wananchi wote mnatangaziwa", "mna" iligeuzwa "wana", kisha ikarejeshwa, na pembeni meneja akaandika kwa hasira: "Tazama mwongozo!" Chini yake Mzee Mbaruku alijibu: "Mwongozo haukukizaa Kiswahili."

Maneno yenyewe yaliyogombewa hayakujaza hata nusu ya karatasi. Yalikuwa ya kuwaonya watu wasile mahindi ya mbegu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa. Mvua ziligoma, na mjini watu walipanga foleni tangu alfajiri kungojea unga wa njano, ule waliokwisha kuubatiza "unga wa Yanga" kwa rangi ya jezi za timu ile ya mpira. Shirika alilofanyia kazi Candida liligawa mbegu kwa wakulima. Mbegu zilipakwa dawa kali ya kuua wadudu, na ili zitambulike zikatiwa rangi nyekundu. Sasa zilikuwa zimekuja habari kutoka bara kwamba katika kijiji kimoja watu walizipika wakazila. Mkurugenzi alitaka tangazo litoke upesi, redioni na mitaani. Lakini kwa utaratibu wa ofisi hakuna tangazo lililotoka bila saini za wakubwa wale wawili, na wakubwa wale wawili hawakupata kukubaliana hata juu ya upande wa karatasi unaostahili tarehe.

Kila mmoja alikuwa na sababu zake. Mzee Mbaruku alizaliwa Gerezani, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na Kiswahili alikipima kwa sikio, kama sonara anavyogonga fedha asikilize mlio wake. Ndugu Theophil alitoka Moshi. Kiswahili alikisoma shuleni, na alipokuja mjini kijana alichekwa sana kila alipofungua mdomo. Tangu hapo alishikilia kanuni zilizoandikwa kama mtu anayevuka mto kwa kamba. Serikali ilipoagiza kazi za ofisi zifanywe kwa Kiswahili, alipelekwa semina, akarudi na mwongozo aliouweka mezani daima, karibu na simu.

Candida aliinuka na karatasi yake, akaanza kwa Mzee Mbaruku.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeona alivyofanya mwenzetu? Hebu niambie, ndani ya gunia mna mbegu ngapi? Moja?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hiyo 'mbegu hii' ni ipi? Na hilo neno 'dawa' alilolichomeka? Dawa anapewa mgonjwa. Kitu kinachoua kinaitwa sumu. Mpelekee hivyo hivyo."

Akampelekea. Ndugu Theophil hakumwambia akae.

"Ndugu Candida, mbegu hapa ni aina, siyo punje. Na neno 'sumu' litoke. Tuko katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Mkulima akisikia sumu hatapanda, na nitakayeulizwa ni mimi. Andika 'dawa'. Kisha ongeza mwishoni: atakayepatikana na mbegu tajwa atachukuliwa hatua kali za kisheria."

"Mzee Mbaruku anasema 'tajwa' siyo neno."

"Mzee Mbaruku hasaini peke yake."

Candida alitoka akiwa ameuma meno. Alirudi kwenye mashine akachapa upya, akijua kabla hajamaliza kwamba karatasi ile nayo itarudi. Muda wa kazi ulipokwisha aliiacha kwenye trei ya Mzee Mbaruku, akafunika mashine yake, akashuka ngazi.

Alikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, akaingia Kariakoo. Soko jipya lilikuwa bado linajengwa, na wauzaji wametawanyika mitaani na mafungu yao ya nyanya. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba ya Bi Sitara, mjane wa makamo aliyekuwa pia balozi wa nyumba kumi. Chumba cha pili yake walikaa Rajabu na mkewe Siti, pamoja na mtoto wao wa miaka mitano, Safari. Rajabu alikuwa kuli katika bohari la Shirika, Barabara ya Pugu. Ndiye aliyemwambia Candida habari ya chumba kile.

Candida alipitiliza uani kunawa uso. Kuku wa Siti walikuwa wamelala ubavu karibu na mtaro, miguu imekakamaa. Siti mwenyewe alikuwa ameinamia karai anafikicha mahindi, na maji yalikuwa mekundu.

"Shoga, umechelewa leo," Siti alisema bila kuinua kichwa. "Umeona kuku wangu? Kideri kimeingia mtaani."

Candida alisogea hadi kwenye karai. "Siti, hayo mahindi umeyatoa wapi?"

"Kaleta baba Safari. Magunia yalipasuka kule bohari, wakafagia. Yana rangi rangi, lakini ukiyaosha inatoka. Nimebadilisha maji, tazama, sasa yanaanza kung'aa."

"Mmekwisha kuyala?"

"Mchana nimempikia Safari makande kidogo. Sisi tulikuwa tunangojea ya usiku." Siti alisita, mikono ndani ya maji. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Yuko wapi?"

"Kalala. Kichwa kinamuuma."

Candida alikwisha kukimbia. Ndani ya chumba, Safari alikuwa sakafuni kando ya kitanda cha wazazi wake. Alikuwa ameanguka mkekani, macho yamegeuka, mwili unaruka ruka, povu limetoka pembeni mwa mdomo. Candida alipiga kelele ambayo hakujua kama anayo. Rajabu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni akitoka kazini, alimpita, akambeba mtoto begani, akatoka naye mbio hadi barabara ya Msimbazi. Teksi ya kwanza iliwakataa. Ya pili, dereva alimtazama mtoto mara moja tu akafungua mlango.

Hospitalini Upanga daktari aliuliza mtoto kala nini. Rajabu alinyamaza. Mahindi ya bohari ni mali ya umma, na mali ya umma mwaka ule ilikuwa inafunga watu. Alimtazama Candida, na Candida akajibu yeye.

"Mahindi ya mbegu, daktari. Yametiwa dawa."

"Dawa gani?"

Candida aliyeandika habari za mbegu zile kwa mwaka mzima hakujua.

"Dawa... ya kuhifadhi," alisema.

"Dada, dawa ya kuhifadhi ni jina la dawa?" Daktari hakungoja jibu. Alimchukua mtoto, mlango ukafungwa nyuma yake.

Walikaa kwenye benchi. Siti alikuwa analia kimya kimya, kanga mdomoni. Baada ya muda mrefu Rajabu alisema, akiitazama sakafu, "Mimi najua kusoma, dada Candida. Sikuyachukua kama ng'ombe. Nilisoma gunia kwanza. Limeandikwa, 'Mbegu hii imehifadhiwa kwa dawa.' Nikasema, kitu kilichohifadhiwa si kimewekwa kizuri? Na kama kina dawa, si ndiyo salama zaidi?"

Maneno yale aliyachapa Candida mwenyewe. Mwaka uliopita, wakubwa walipogombana juu ya lebo ya magunia hadi viwanda vya magunia vikaanza kupiga simu kuiulizia, ni yeye aliyetafuta sentensi ambayo kila mmoja angeimeza. Meneja alipata "hii" yake na "dawa" yake. Mzee Mbaruku alilipenda neno "imehifadhiwa", akasema lina heshima. Wote wawili walimsifu siku ile.

"Wengine walichukua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wengi. Mengine yameshauzwa. Msimbazi huko, mpaka Mchikichini."

"Inabidi wayarudishe."

Rajabu alicheka bila furaha. "Nani ataleta mahindi ya wizi kwa mkono wake mwenyewe? Wakisikia yanatafutwa watayaficha uvunguni. Halafu siku njaa ikizidi watayala."

Asubuhi Safari alikuwa hai, lakini hajafumbua macho. Candida alikwenda kazini na nguo za jana. Kwenye trei yake tangazo lilikuwa limekwisha kurudi. Wino mwekundu ulikuwa umefuta "yasitumike kama chakula" ukaandika "yasiliwe". Alilichukua, akamwendea Mzee Mbaruku, akamwambia, "Mzee, nakuomba twende kwa meneja." Kulikuwa na kitu katika sauti yake, kwa maana mzee alivaa kofia yake akamfuata bila kuuliza.

Aliwaambia wote wawili, wamesimama. Aliwaambia habari za Safari, za kuku, za maji mekundu, na lebo aliyoisoma Rajabu, ingawa jina la Rajabu hakulitaja. Ndugu Theophil alitoa leso akajifuta shingo.

"Nilisema mimi," Mzee Mbaruku alisema polepole. "Nilisema, neno ni sumu."

"Ulisema na mengine elfu!" meneja alimrukia. "Ungesaini tangazo wiki iliyopita lingekuwa limekwisha kutoka. Ulikuwa unagombea 'hizi'!"

"Nisaini ujinga? 'Mbegu tajwa'? Hata huyo mtoto asingeelewa..."

"Kwa mujibu wa mwongozo..."

"Mwongozo wako uliandikwa na watu wanaoota kwa Kiingereza!"

Candida alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Midomo yao ilikuwa inaendelea. Meneja alikuwa amekwisha kushika kalamu ya kijani, anatafuta ukurasa. Juu ya meza, kando ya simu, palikuwa na muhuri wa Shirika na kibweta cha wino. Candida alinyoosha mkono akavichukua vyote viwili, akatoka. Walikuwa wanapigiana kelele kiasi kwamba hawakuona.

Alikaa kwenye mashine, akatia sitensili, karatasi ya nta ya kurudufia, akachapa:

MAHINDI MEKUNDU YA MBEGU NI SUMU. YANAUA. MSIYALE. KUYAOSHA HAKUTOI SUMU. MSIWAPE KUKU WALA MBUZI. MLIO NAYO, YAPELEKENI LEO KWA BALOZI WENU WA NYUMBA KUMI. HAMTAULIZWA MMEYAPATA WAPI.

Katika chumba cha kurudufia alizungusha mpini wa mashine mwenyewe. Alipogeuka kuchukua karatasi nyingine alimkuta Mzee Mbaruku mlangoni, kofia imekaa upande, anahema. Mzee aliokota nakala moja akaisoma akiwa ameishikilia mbali na macho. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu, kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna. Kisha ukasimama.

"Hili la mwisho," alisema. "'Hamtaulizwa mmeyapata wapi.' Hili siyo kosa la lugha, mwanangu. Hii ni ahadi. Nani kakupa ruhusa ya kuitoa?"

"Hakuna, Mzee."

"Polisi wakiuliza?"

"Sijui. Lakini bila hiyo hawataleta hata punje."

Mzee Mbaruku alikunja karatasi, akaikunjua. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na kila mtu ofisini alijua jinsi alivyokuwa anakihesabia kiinua mgongo chake.

"Toka hapo," alisema hatimaye. "Huo mpini unauzungusha kama unasaga kahawa. Utapasua sitensili. Wewe piga mihuri."

Walifanya kazi bila kupumzika. Kabla ya adhuhuri Candida alikuwa Narung'ombe na bunda la karatasi chini ya kwapa. Bi Sitara alilisoma tangazo mara mbili.

"Hapa panaposema hawataulizwa," alisema, "ni kweli?"

"Ndivyo lilivyoandikwa, Bi Sitara."

Mama yule alielewa kwamba ahadi ile haikutolewa na mkubwa yeyote. Halafu akafunga kanga kiunoni, akaita mabalozi wenzake, na karatasi zikatawanyika Sikukuu, Kongo, Msimbazi, zikabandikwa kwenye kuta na milango ya maduka, wanaojua kusoma wakiwasomea wasiojua.

Mchana ulipita bila mtu. Candida alikaa barazani na kila aliyepita alimfanya asimame. Watu walilisoma tangazo, wakatazamana, wakaenda zao. Mwanamume mmoja alicheka kwa sauti: "Mtego huo! Ukifika na kikapu chako, mgambo huyu hapa." Wengine wakaitikia.

Hapo ndipo Siti alipotokea, ametoka hospitali, macho yamevimba. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wote wa mahindi mekundu, akaumwaga barazani mbele ya Bi Sitara, hadharani, watu wote wanaona. Juu yake akaweka kuku wake waliokufa.

"Haya," alisema. "Mwanangu yuko Upanga, hajui mimi ni nani. Anayetaka kunifunga na anifunge."

Hakuna aliyemfunga. Bi Sitara hakuuliza neno. Baada ya muda kikongwe mmoja wa nyumba ya pili alikuja na kibaba kwenye ungo. Kisha mwingine. Hadi jua linapunguza ukali, baraza lilikuwa limejaa vikapu, ndoo, mito iliyotolewa pamba ikatiwa mahindi, na yule mwanamume aliyecheka alileta robo gunia begani, uso ameugeuza pembeni. Yote yalifukiwa kwenye shimo refu upande wa bonde la Msimbazi, wakiyamwagia mafuta ya taa kwanza ili asijaribu mtu kuyafukua.

Siku ya pili yake polisi alikuja ofisini. Alikuwa na nakala ya tangazo mkononi, na alitaka majina: nani alitoa mahindi bohari, na nani aliyapokea mtaani. Ndugu Theophil aliwaita Candida na Mzee Mbaruku. Muhuri ulikuwa umerudi mahali pake kando ya simu. Meneja alikuwa na uso wa kijivu. Candida alijua neno moja tu la kweli kutoka kwa meneja lilitosha kummaliza: kwamba muhuri ule aliuchukua bila ruhusa.

"Ndugu Meneja, tangazo hili ni la kwenu?" polisi aliuliza.

Theophil alilichukua. Alilisoma taratibu, kalamu ya kijani mkononi, na Candida aliona ncha ya kalamu inavyoshuka kwenye kila mstari kisha inasita. Aliona pia jinsi taya lilivyokuwa linamcheza.

"Lina muhuri wa Shirika," meneja alisema. "Chenye muhuri wa Shirika ni kauli ya Shirika."

"Sawa. Basi mtusaidie majina."

"Soma mwishoni, ndugu. 'Hamtaulizwa.' Ni kauli ya kutendwa. Haikusema Shirika halitawauliza. Haikutaja muulizaji kabisa. Kwa hiyo inamhusu muulizaji yeyote, na wewe ukiwemo. Shirika la umma limewaahidi wananchi kwa maandishi. Ukitaka tuivunje ahadi hiyo, tuletee amri, nayo iwe kwa maandishi."

Polisi alimtazama kama anayetafuta mzaha usoni mwake. Hakuuona. Alisema atarudi, akaondoka, na hawakumwona tena.

Mlango ulipofungwa, Theophil alimgeukia Candida. "Usidhani nimefurahi. Umeiba muhuri wangu. Ningeweza kukufukuza leo hii, na ningekuwa na haki."

"Najua, Ndugu Meneja."

"Huwezi kuandika tena kwenye kitengo hiki. Unahamia bohari, Barabara ya Pugu. Utapokea mizigo." Aliirudisha kalamu yake mezani. "Mtoto anaendeleaje?"

"Jana jioni alimwita mama yake."

Meneja alitikisa kichwa kuashiria kwamba amesikia, akawageuzia mgongo akitazama dirishani.

Candida alikusanya vitu vyake: kikombe, kitana, sweta aliloletewa na mama yake kutoka Kibosho. Uhamisho ulimuuma kuliko alivyotegemea. Alikuwa ameipenda kazi ile, hata siku alizoichukia. Wakati anafunga mkoba alisikia sauti zao kupitia ukuta. Walikuwa wameanza lebo mpya ya magunia. Neno "sumu" lilikuwa limepita bila ubishi, kwa herufi kubwa. Sasa waligombana kama "yenye sumu" ni bora kuliko "ina sumu", na Mzee Mbaruku alikuwa akigonga meza.

Hakungoja kusikia nani ameshinda. Alitoka akaelekea Upanga kabla saa ya kuwaona wagonjwa haijaisha, na njiani alimnunulia Safari chungwa, akalishika mkononi safari nzima, maana Siti alimwambia mtoto ameanza kuomba vya kula.